Uko Tayari kwa Krismasi?

Kalisti Kamugisha alifundisha Kiingereza miaka kumi na moja katika sekondari moja ya Muleba, na mpaka leo wapo watu wazima, wengine wanasheria, ambao wakimkumbuka wanakaa wima kwenye viti vyao. Alikuwa mkali. Insha ilirudi imejaa wino mwekundu kiasi kwamba mwenye insha alipata taabu kuona alichokuwa amekiandika. Alipopata viza ya bahati nasibu na kuhamia Marekani na mkewe Bertila na binti yao Shalom, aliyekuwa na miaka sita, watu walisema huyu hatapata shida, lugha anayo.

Walianzia Houston, katika fleti ya Sharpstown, mlango ukitazamana na wa Njoroge, Mkenya aliyekuwa ameishi Teksas tangu akiwa mwanafunzi. Bertila alikuwa nesi tangu nyumbani. Ilimchukua miaka miwili kurudia mitihani mpaka akapata leseni. Kalisti alibeba maboksi, akasukuma wagonjwa kwenye vitanda vya magurudumu, akasoma kozi za jioni, na mwaka wa tatu akapata kazi ya ofisini Plano, kaskazini ya Dallas, katika kampuni ya bima. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma mikataba kabla haijatumwa kwa wateja na kuangalia kama maneno yamekaa sawasawa. Wakahama. Kusahihisha alikuwa amekuzoea, na wiki ya kwanza tu aligundua kosa ambalo wenyeji wa lugha walikuwa wamelipitia mara nne bila kuliona.

Kilichomshinda kilikuwa mashine ya kahawa.

Desemba ya kwanza pale ofisini, msimamizi wao, mama wa miaka hamsini na kitu aliyeitwa Darlene, alimkuta hapo akisubiri kikombe kijae. Akamwuliza kama yuko tayari kwa Krismasi. Kalisti alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa sentensi kamili. Alisema kwa kweli hayuko tayari, kwa sababu baba yake alifariki mwezi wa Desemba, na tangu hapo mama yake hapiki sikukuu; anakwenda misa ya asubuhi kisha anarudi kulala. Alisema kila mwaka humpigia simu siku hiyo, na wote wawili hukaa wakisikilizana wakipumua. Alipofika hapo akaona Darlene amerudi nyuma hatua mbili, kikombe amekishika kwa mikono miwili kifuani. Watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao walikuwa wanatazama simu.

"Oh, bless your heart," Darlene akasema, akaondoka.

Jioni Kalisti alimwambia mkewe kwa furaha kwamba bosi wake ni mcha Mungu, amembariki mbele za watu. Bertila alikuwa anakata mchicha. Akaweka kisu chini.

"Amekubariki vipi?"

Akamweleza.

"Baba Shalom, hiyo siyo baraka. Wodini kwetu wanamwambia hivyo mtu aliyejimwagia uji."

Hakucheka. Bertila alipoona hacheki, naye akaacha.

Sikukuu ile walikwenda Katy, nje ya Houston, ambako Njoroge alikuwa amenunua nyumba mpya yenye bustani isiyo na mti hata mmoja. Wanaume wawili walisimama nje wakichoma mbuzi, na Kalisti akamweleza jambo la mashine ya kahawa kama mtu anayemweleza daktari.

"Mwalimu, hiyo si swali," Njoroge akasema, akigeuza nyama. "Hiyo ni salamu. Mtu akikuuliza kama uko ready for Christmas, hataki report. Unamwambia 'Getting there!', yaani nakaribia, unacheka kidogo, halafu unamrudishia: 'What about you?' Sasa yeye ndiye ataongea. Mwachie aongee tu, atakupenda sana."

"Na asipokuwa na la kusema?"

"Weather. Unasema kumekuwa na baridi. Kama hakuna baridi, unasema si kama last year."

"Na mimi nikiwa na jambo la kweli?"

Njoroge alifikiri. "La kweli unanipigia mimi."

Kalisti alilitafakari hilo njia nzima ya kurudi, saa nne za barabara kuu. Aliona kwamba hata nyumbani mtu akiulizwa habari hujibu nzuri, hata kama paa limeng'olewa na upepo usiku huo. Lakini nyumbani baada ya nzuri kuna ila. Habari za nyumbani? Nzuri, ila mama anaumwa kidogo. Nzuri, ila tumepata msiba. Hiyo ila ndiyo mlango, na aliyeuliza anajua kuisubiri. Hawezi kuondoka kabla hajaisikia. Kwa Darlene na wenzake, nzuri ilikuwa na nukta.

Basi akafanya alichokijua. Akanunua daftari, akaligawa kwa kurasa. Ukurasa wa Novemba, swali la bata mzinga wa sikukuu yao ya shukrani. Ukurasa wa Desemba mwanzoni, kama umeshamaliza kununua zawadi. Katikati, mnakwenda wapi. Tarehe ishirini na nne, mipango ya kesho. Januari, sikukuu zilikuwaje. Mbele ya kila swali majibu mawili au matatu, mafupi, ya kuchekesha kidogo bila kumchekesha mtu kupita kiasi. Alifanya mazoezi ndani ya gari akiwa kwenye foleni. Shalom, akiwa na miaka tisa na tayari anaongea kama aliyezaliwa Plano, alimsahihisha kutoka kiti cha nyuma: "Dad, nobody says it like that. Say it faster."

Akaisema haraka zaidi.

Mwaka wa pili hakuna aliyerudi nyuma hatua mbili. Mwaka wa tatu Darlene alimwambia amekuwa mtu wa kuchekesha sana. Kijana wa meza ya jirani, Travis, akawa anamtafuta makusudi amsimulie kuhusu nyama, kwa maana Travis alikuwa na tanuri la kuokea nyama kwa moshi na hakuwa na jambo lingine moyoni. Kalisti alisikiliza yote. Alijua majina ya mbwa wa watu, timu zao za mpira, mashemeji wasiovumilika. Yeye hakuna aliyejua chake zaidi ya kwamba ana mke na binti na kwamba anapenda baridi isipozidi. Daftari alishaliacha, majibu yalikuwa yanatoka yenyewe, kama mtu anavyosema amina.

Desemba ya sita, tarehe kumi na mbili, kaka yake Edson alipiga simu kutoka nyumbani, kijijini kwao upande wa Kanyigo. Edson ndiye mkubwa, ndiye aliyebaki na mama. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama hainuki tena. Daktari wa Bukoba amesema tumrudishe nyumbani."

"Amesema hivyo?"

"Kalisti, anakuuliza wewe. Kila siku anakuuliza wewe. Njoo."

"Nakuja, kaka. Naomba ruhusa kesho."

Pale ofisini, ruhusa za Desemba zilifungwa. Mikataba mingi huisha na mwaka, na kuanzia tarehe kumi mpaka tano Januari hakuna aliyeondoka ila kwa idhini ya Darlene. Kalisti alilijua hilo. Kesho yake asubuhi, kwenye maegesho, aliiandaa sentensi yake ndani ya gari: Mama yangu yuko mahututi, naomba wiki tatu niende kumwona. Aliisema kwa Kiingereza mara saba. Ilikuwa sahihi kila mara.

Darlene alikuwa amevaa sweta la Krismasi lenye picha ya paa, pua yake taa inayowaka na kuzimika. Mezani kwake kulikuwa na mti mdogo wa plastiki.

"Kalisti! Uko tayari kwa Krismasi?"

"Getting there!" ulimi wake ukasema, na uso ukacheka kidogo. "What about you?"

Darlene akamweleza. Wajukuu walikuwa wanakuja kutoka Oklahoma, mmoja hali chochote chenye maziwa. Ilichukua dakika nne. Kalisti alitikisa kichwa panapostahili. Kisha, sentensi yake ikiwa bado mdomoni, akasema alikuwa anafikiria kuchukua siku chache.

"Oh, mpenzi, si unajua mwisho wa mwaka ulivyo." Darlene akaegemeza kichwa upande. "Kila kitu kiko sawa?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Mama yule aliuliza, akanyamaza, akamtazama. Kalisti alisema baadaye kwamba aliiona ile sentensi yote, kuanzia herufi kubwa mpaka nukta, kama iliyoandikwa ubaoni. Mdomo ukafunguka.

"Everything's fine," ukasema. "Just family."

"Aww," Darlene akasema. "Familia ndiyo kila kitu. Tuangalie Januari, sawa?"

"Sounds good."

Akatoka. Alisimama karibu na printa akiwa hana cha kuchapa. Alirudi nusu ya njia, akamwona kupitia kioo akizungumza na simu na kucheka, akageuka.

Jioni Bertila alikuwa ameshatoa sanduku stoo na kuliweka kitandani limefunguliwa.

"Umepata?"

"Wamesema Januari."

"Januari?" Bertila alikaa kando ya sanduku. "Wamesikia kuna mgonjwa wakasema Januari?"

Kalisti alivua viatu.

"Baba Shalom. Ulimwambia kwamba mama anakufa?"

"Nilimwambia ni mambo ya familia."

"Nimekuuliza kitu kingine. Ulimwambia au hukumwambia?"

Bertila aliishika simu yake. "Nipe namba ya huyo mama. Nampigia sasa hivi."

"Weka simu."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na moja nimefundisha Kiingereza. Leo mke wangu aniombee ruhusa, kama mtoto wa kidato cha kwanza?"

"Basi nenda bila ruhusa. Kazi zipo."

Wote wawili walijua bima ya matibabu ya nyumba nzima ilikuwa ya kazi yake, na Shalom alikuwa na pumu iliyowapeleka hospitali mara mbili mwaka ule. Lakini Bertila hakuwa anazungumzia bima, na Kalisti alijua hivyo pia.

"Kesho utarudi kwake," Bertila akasema. "Utamwambia maneno matatu. Mama. Anakufa. Naondoka."

Kesho yake ilikuwa siku ya kila mtu kuleta chakula. Darlene alizungukwa na watu kumi. Kalisti alisimama na sahani ya karatasi mkononi kwa saa nzima, akimsikiliza Travis. Keshokutwa yake Darlene alikuwa kwenye mikutano. Halafu Edson akapiga simu na kusema mama amekunywa uji, amekaa dakika kumi ameegemezwa ukutani, na Kalisti akapata kisingizio alichokuwa anakitafuta bila kujua.

"Umepata ruhusa?" Edson akauliza.

"Wanashughulikia."

"Nimwambie hivyo mama?"

"Mwambie."

Wanashughulikia. Hakuna mtu aliyekuwa anashughulikia chochote. Ilikuwa imeshapita wiki nzima, na yeye anasoma mikataba, anaweka alama, anapita kwenye mashine ya kahawa na kusema kumekuwa na baridi. Njoroge alipopiga simu kuuliza watakuja Katy sikukuu au hawaji, alimwambia huenda wasije, kazi nyingi. La kweli hakumwambia hata yeye.

Mama yao alifariki tarehe ishirini na mbili. Edson alituma ujumbe wa maneno mawili: Mama ametangulia.

Bertila alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama waitiwe polisi. Shalom, miaka kumi na minne sasa, alitoka chumbani kwake, akasimama mbele ya baba yake asijue mikono aiweke wapi.

"I'm so sorry, Dad. Are you okay?"

"I'm okay," Kalisti akasema. "How are you?"

Msichana alimtazama. Bertila naye aliacha kulia na kumtazama.

Mazishi yalikuwa tarehe ishirini na nne saa kumi alasiri, ambayo Plano ni saa moja asubuhi. Hata angepata ndege siku iliyofuata kifo asingefika. Kalisti aliyatazama ndani ya gari, kwenye maegesho ya ofisi, simu ikiwa imeegemezwa kwenye usukani. Mtoto wa Edson, Kezia, ndiye aliyeishika kamera upande wa kule. Picha ilikuwa inakatika. Aliona miguu ya watu, migomba, shuka jeupe, kofia ya padri. Walipoanza kushusha jeneza picha ikaganda, na ilipoamka tena kaburi lilikuwa limeshajaa na watu wanajipangusa udongo. Akasubiri kidogo aone kama Edson atasogea karibu na kamera. Hakusogea.

Saa mbili kasoro dakika tano alijifuta uso kwa karatasi za mkahawa alizozikuta mlangoni mwa gari, akaingia.

"Mipango mikubwa kesho?" Travis akamwuliza.

"Just food and family. You?"

Travis alikuwa ameweka nyama ya kifua cha ng'ombe kwenye moshi tangu usiku. Alieleza kuhusu mti wa mwaloni na tofauti yake na mti mwingine, na kuhusu kupulizia siki ya tufaha kila baada ya saa moja, na jinsi baba yake mkwe alivyoiharibu mwaka jana kwa kufungua mlango wa tanuri bila kuulizwa. Kalisti alisimama akasikiliza yote. Travis hakuwa mtu mbaya. Siku ileile alimletea kipande, kimefungwa kwenye karatasi ya fedha, akakiweka mezani kwake.

Usiku ule alimpigia Edson. Kule ilikuwa asubuhi ya Krismasi.

"Walikukatalia?" Edson akauliza.

Angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Akasema, "Sikuomba vizuri."

Edson aliyarudia maneno yale. "Hukuomba vizuri."

"Maneno hayakutoka, kaka."

"Wewe? Mwalimu wa Kiingereza?" Kisha akasema wageni wanamsubiri, akakata.

Januari waliulizana ofisini sikukuu zilikuwaje. Kalisti akasema nzuri, tulivu.

Jambo lilijulikana Februari, na lilijulikana kwa sababu gari la Kalisti lilikataa kuwaka na Bertila akaja kumchukua. Alikuwa ukumbini chini anamsubiri, na sare yake ya unesi, Darlene alipopita, akamtambua kutoka kwenye picha iliyokuwa mezani kwa Kalisti. Akamsalimia kwa uchangamfu, akamwuliza kama walikuwa na Krismasi njema.

"No," Bertila akasema. "His mother died."

Asubuhi iliyofuata Darlene alimwita Kalisti na kufunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu tayari.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama kila kitu kiko sawa. Nakumbuka kabisa."

"Uliuliza."

"Ningekuruhusu hapohapo. Ningekupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Kuna siku za msiba, Kalisti, zimeandikwa kwenye kitabu cha wafanyakazi." Alivuta pumzi. "Miaka sita. Nilidhani nakufahamu. Kwa nini hukuniambia?"

Alitaka kumwambia. Alitaka kumwambia kwamba aliwahi kumwambia, mwaka wa kwanza, pale kwenye mashine ya kahawa, na kwamba hatua zile mbili alizorudi nyuma alizipima na kuzikariri na kuzifanyia mazoezi ndani ya gari mpaka akajifunza kutomrudisha mtu yeyote nyuma tena. Lakini mama yule alikuwa analia. Analia kweli, mabega yanatikisika. Na Kalisti aliamini kila neno lake, kwamba angempa ruhusa na angempeleka uwanja wa ndege, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Akalichukua boksi la tishu lililokuwa upande wa pili wa meza, akamsogezea.

"It's okay," akasema. "It's okay."

Alikaa naye robo saa mpaka akatulia. Wiki ile wenzake walichangishana wakamletea kadi na mmea kwenye chungu. Mwezi wa tatu, alipoomba nafasi ya kuongoza kikundi cha wasahihishaji, nafasi ambayo kila mtu alijua ni yake kwa kazi, alipewa mwingine. Darlene alimweleza kwa upole sana kwamba kiongozi lazima awe mtu ambaye watu wanahisi wanamfahamu.

Juni alikwenda nyumbani. Alipewa wiki nne bila swali lolote. Alishuka Entebbe, Uganda, akavuka mpaka wa Mutukula, na Edson alimsubiri upande wa pili na gari la kukodi. Walishikana mikono. Edson aliuliza safari ilikuwaje, na kama kule sasa ni joto. Njia nzima alizungumzia bei ya kahawa, lami mpya, na mvua iliyochelewa. Alikuwa na adabu kubwa. Pale nyumbani alimpa chumba kizuri, akamchinjia jogoo, akamwonyesha kaburi, akaondoka amwache peke yake kama inavyopasa. Kila Kalisti alipoanza kusema "Kaka, ule mwezi wa Desemba," Edson alikumbuka kitu shambani.

Wiki ya pili alikaa jikoni na Kezia, ambaye ndiye aliyemuuguza bibi yake mpaka mwisho. Alikuwa anamenya ndizi. Kalisti akachukua kisu akamsaidia.

"Siku za mwisho alikuwa anasema nini?" akauliza.

"Hakusema mengi, baba mdogo. Alikuwa anakuuliza wewe tu. Lakini ile siku ya mwisho alitulia."

"Alitulia kwa nini?"

Kezia alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo aliyeuliza analijua. "Si baba alimwambia umeshafika Entebbe? Alimwambia uko Entebbe, unasubiri gari. Bibi akafurahi. Akaniambia nitandike kitanda cha chumba cha mbele, nitoe yale mashuka mapya sandukuni. Nikatandika. Akaniambia nimgeuze aelekee mlangoni." Aliitupa ndizi kwenye maji. "Tukamgeuza. Saa moja jioni akakata roho."

Kisu cha Kalisti kikasimama katikati ya ganda. Kezia akaogopa.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua," akasema. "Endelea kumenya."

Alimenya naye mpaka ndizi zikaisha. Kisha akatoka akaenda shambani alikokuwa Edson, akasimama kando yake. Edson alikuwa anapogoa mibuni. Hakuinua kichwa.

"Kezia ameniambia."

Edson alikata tawi, akalitupa pembeni, akakata lingine.

"Ulisema wanashughulikia," akasema. "Nilimwambia wanashughulikia siku sita. Siku ya saba niliona aibu."

Hayo ndiyo maneno yote waliyosema juu ya jambo lile, na mpaka leo hawajaongeza. Kalisti alimaliza wiki zake nne. Kila usiku alilala kwenye kitanda cha chumba cha mbele, kwa sababu ndicho alichopewa, na hakuweza kuomba kingine bila kueleza.

Bado yuko Plano, kwenye kazi ileile, na ni hodari kama zamani. Bertila aliambiwa habari ya Entebbe siku Kalisti aliporudi, akiwa bado amesimama mlangoni na begi mkononi. Hajaambiwa mtu mwingine. Mwaka jana, mwanzoni mwa Desemba, Darlene alimkuta kwenye mashine ya kahawa. Tangu siku ile ya kulia amekuwa mwangalifu naye, anamkaribia kama mtu anayekaribia kitanda cha mgonjwa. Alimshika mkono, akamwuliza, polepole safari hii, akisubiri kwa kweli, hali yake ikoje msimu huu.

Kalisti aliona anasubiri. Aliona hata angesema yote, mama yule asingerudi nyuma. Akatafuta pa kuanzia, na hakupaona.

"Getting there," akasema.